Nani Amsainie Mwajabu

Hapo zamani, na wala si zamani ile ya sungura kusema na fisi kuvaa kilemba. Ni zamani ya juzi tu: polisi walikuwepo, mafaili yalikuwepo, na wajomba wa kukwepa kazi walikuwepo tele. Kaeni vizuri. Anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana mwisho nitawauliza, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Palikuwa na mama mmoja milimani Uluguru, akafa. Akaacha watoto wawili: Mwajabu, msichana wa miaka kumi na miwili, na mdogo wake Chande, miaka sita. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba anaweza kupotea kama moshi, hakuna wa kumwuliza. Mjomba hapotei, mjomba ndiye mwenye sauti. Basi ukoo ukamgeukia mjomba wao, Kobelo. Kobelo akatazama paa lake, akatazama watoto, akasema, "Nyumba yangu ndogo."

Ndogo! Mbuzi sita walikuwa wanalala ndani.

Akaja afisa wa ustawi na mkoba wa karatasi. Akamwandikia Mwajabu nyumba ya Bi Tausi, mwuza ndizi wa bondeni. Akamwandikia Chande nyumba ya Mzee Mloka, msuka mikeka, ng'ambo ya mto. Mwajabu akauliza, "Kwa nini usituweke pamoja?"

"Vitanda," akajibu afisa. Akafunga mkoba.

Sasa sikilizeni mambo ya mtoto wa karatasi. Mtoto wa kuzaa akilala nje, anachapwa, anapewa kiporo, yamekwisha. Mtoto wa karatasi akilala nje, anafunguliwa faili. Bi Tausi alikuwa analea wengine wawili wa namna hiyo, na afisa alishamwambia, "Mtoto akikosekana usiku mmoja, ripoti polisi. Usiporipoti, nakuja kuwabeba wote." Bi Tausi akalishika neno hilo kama hirizi.

Miaka miwili ikapita. Bi Tausi alimponya Mwajabu mapunye, akamshonea sare, akamrudisha darasani. Sisemi alimpenda, sikuwa ndani ya moyo wake. Nasema alimlisha.

Ikafika zamu ya Chande kuingia jando. Na kwetu mvulana akiwa kumbini, kambini kwa jando, siku tatu za kwanza anapelekewa uji na mtu wa ukoo wa mama yake. Asipopelekewa, wenzake wanamwimba kuwa kaokotwa jalalani, na wimbo huo humfuata hadi ndevu zimtoke. Mzee Mloka akatuma neno kwa mjomba. Mjomba akarudisha neno: "Nina kilimo."

Habari zikamfikia Mwajabu kwa mdomo wa mnunuzi wa ndizi. Akaenda kwa Bi Tausi.

"Mama, naomba nimpelekee Chande uji."

"Bila karatasi ya afisa huvuki mto."

"Afisa yuko wapi?"

"Semina. Anarudi Ijumaa."

"Mama, Chande yuko kumbini leo."

"Na mimi nimesema Ijumaa."

Mwajabu akapanda baiskeli ya Bi Tausi, ile ya kubebea ndizi, akaondoka.

Akapika uji kwa Mzee Mloka. Akaupeleka hadi mwisho wa njia, pale ambapo wanawake hawapiti, akaliita jina la ukoo wao kwa sauti, kila mtu asikie kuwa Chande ana watu. Siku ya kwanza akaita. Siku ya pili akaita. Siku ya tatu sauti ilikuwa imekauka, akaita hivyohivyo.

Siku ile ya pili polisi walifika kwa Mzee Mloka. "Umemwona msichana mwenye baiskeli?"

"Msichana gani, wanangu? Macho yangu yanaishia kwenye mkeka."

Na Mwajabu yuko nyuma ya nyumba anakoroga sufuria! Mzee angesema, "Yupo, keshokutwa anarudi," huenda yangeishia hapo. Hakusema.

Siku ya nne Mwajabu akarudi mwenyewe, baiskeli nzima, hata upepo kaongeza. Akamkuta polisi kakalia kigoda cha Bi Tausi. Faili lilishaandikwa: kutoroka, na wizi wa baiskeli. Akapelekwa mahabusu ya watoto, akakaa wiki tatu, ndipo akaletwa mbele ya hakimu.

Hakimu alikuwa mwanamke asiyependa maneno. Akasema, "Akipatikana mtu mzima mmoja wa kumsainia, mtoto anatoka, na mdogo wake atakaa naye hapohapo. Asipopatikana, gari lile linampeleka shule ya maadilisho, miaka mitatu. Sahihi ni moja. Leo."

Gari lilikuwa nje, limewashwa. Dereva alikuwa na safari ndefu na roho fupi.

Wakasimama watatu.

"Wewe ni nani wake?" hakimu akauliza.

"Mimi mjomba, mheshimiwa. Mimi ni damu. Hawa wengine wamepangishwa mtoto tu."

"Na uji ulipohitajika, ulikuwa wapi?"

"Shambani. Nimekosa. Lakini mjomba mbaya haachi kuwa mjomba. Na nyumba sasa ni pana. Mbuzi nimewatoa, chumba nimekipiga sakafu."

Bi Tausi akaguna. "Mbuzi wamehama, harufu je?"

"Na wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye niliyempa ugali siku mia saba."

"Polisi waliitwa na nani?"

"Na mimi."

"Neno wizi lilitoka kwa nani?"

"Waliniuliza kitu gani hakipo. Nikasema baiskeli haipo. Wizi wameandika wao."

Mzee Mloka akadakia, "Mwanao Shabani aliichukua baiskeli hiyohiyo wiki nzima, kaenda ngomani. Ulimwitia polisi?"

Bi Tausi akamgeukia mzimamzima. "Shabani hana faili, mzee. Shabani akipotea, kapotea yeye. Huyu akipotea, nanyang'anywa watatu."

Hakimu akaandika, akamgeukia Mzee Mloka.

"Na wewe, mzee?"

"Mimi si ndugu yake, na ugali wangu kala siku tatu tu. Lakini Chande ninaye, hajalala njaa hata siku moja. Na dada yake alipobisha, nilifungua."

"Polisi walipobisha?"

"Nilidanganya."

"Ungesema kweli, mtoto huyu angekaa mahabusu?"

Mzee akatazama vidole vyake vilivyokatwakatwa na ukindu. "Labda asingekaa."

Huko nje dereva akapiga honi. Mwajabu akaomba kusema. Akawaamkia wote watatu, shikamoo mjomba, shikamoo mama, shikamoo babu, maana adabu alifundishwa. Kisha akasema:

"Sitaki kujua nani ananipenda. Nataka kujua jambo moja. Nina miaka kumi na minne, nitakosa tena. Siku hiyo mtanifanya nini?"

Kobelo akasema, "Nitakuchapa. Kisha utakula."

"Na Chande akihitaji mtu wakati wa kilimo?"

Kobelo akakuna shingo. "Nitajitahidi."

Bi Tausi hakulia, msingoje alie. Akasema, "Nitaripoti. Nina wawili nyumbani wananitegemea. Sikudanganyi."

Mzee Mloka akasema, "Nitakuficha tena."

Hakimu akainua kichwa. "Unasema hivyo mbele yangu?"

"Mbele yako, mheshimiwa. Ndiyo kweli yangu ya kwanza tangu jambo hili lianze."

Mwajabu akawatazama mmoja mmoja. Hakusema anamtaka nani. Na yule afisa wa ustawi yuko pembeni, anafungua mkoba, anafunga mkoba. Hakuna aliyemwuliza kitu. Mimi ningemwuliza, lakini mimi si hakimu.

Honi ikalia mara ya pili. Hakimu akaiweka kalamu katikati ya meza. Mikono mitatu ikanyooka: wa aliyemkataa, naye ni damu yake, wa aliyemripoti, naye ndiye aliyemlea, wa aliyemficha, naye ndiye anayekaa na Chande.

Haya. Msinitazame mimi, nimeshamaliza mate yangu. Na mtu asinijibu kuwa wote wamekosa, hilo hata mbuzi wa Kobelo wanalijua. Gari linanguruma, mtoto amesimama, kalamu ni moja.

Je, nani alistahili kuishika?