Mgongo Mkavu wa Kiondo

“Asiyetoka jasho ndiye aunguaye.” Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia hivyo mwalimu aliyemwita mtoto wake mvivu, nanyi mmenijia mbio mkitaka kujua maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi, na asinikatize mtu. Nawaambia mapema kwamba aliyekosea katika habari hii ni baba yangu mzazi, na sitamfunika kwa kuwa ni marehemu.

Yalianzia hapa hapa kwetu, mwaka ule wa kuchimba ndiva, lile bwawa linalokusanya maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Ilikuwa kazi ya msaragambo. Kila nyumba ilitoa mtu wa kuchimba, na nyumba isiyotoa mtu haikupewa zamu ya maji. Huku tambarare shamba lisilo na zamu ni vumbi tu.

Msimamizi alikuwa baba yangu, Mzee Senkoro. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa na kipimo kimoja. Kabla ya mapumziko alipita nyuma ya wachimbaji akigusa migongo. Mwenye mgongo uliolowa alikwenda kunywa uji. Mwenye mgongo mkavu aliongezewa kipande kingine cha kuchimba. Hakuna aliyelalamika, maana sote tuliamini kwamba kazi isiyotoa jasho si kazi.

Sasa alikuwapo Kiondo. Alitoka milimani, akamwoa Nakiete, binti pekee wa jirani yetu, na mkwewe alipofariki wakabaki na shamba lake. Kiondo alizaliwa bila jasho. Kule kwao kwenye ukungu hilo halikumsumbua, lakini huku chini jua lilimtesa vibaya. Akajipangia namna yake. Alianza kuchimba alfajiri, wenzake wakiwa bado wanatafuta majembe. Jua likipanda alilowesha kaniki kwa maji ya kibuyu, akajifunika kichwa na mabega, na mara kwa mara alikaa kivulini akanywa. Kipande chake alikimaliza kama wengine, ila si kwa saa zao.

Watu wakaanza kunong’ona kwamba Kiondo anajimwagia maji ili apate jasho la uongo. Mimi nilikuwa msichana wa kupeleka uji, na neno hilo nililicheka pamoja na wengine. Ninaona aibu hadi leo. Siku ya nne baba akamwita mbele ya watu, akamwamuru avue ile kaniki.

Kiondo akavua. Akasema kwa adabu, “Mzee wangu, mimi sitoki jasho tangu nizaliwe. Mwili wangu ukishapata joto haupoi wenyewe. Nguo hii ndiyo jasho langu.”

Watu wakacheka. Baba hakucheka, alikasirika, akiona anafanywa mjinga. Alimwaga chini maji ya kibuyu, akasema Kiondo atachimba mpaka mgongo wake ulowe, la sivyo zamu ya shamba lao itapewa nyumba nyingine. Kiondo angeweza kuondoka. Lakini nyumbani alikuwa na mke aliyejifungua wiki tatu tu zilizopita, na mahindi yao yalikuwa yameanza kukunja majani. Akashika jembe.

Alichimba hadi jua la utosini. Kwanza aliacha kuitikia nyimbo. Kisha akawa anazungumza peke yake, akimwita mama yake aliyeko milimani. Halafu akaanguka. Baba alimfikia wa kwanza, akaweka kiganja mgongoni kama alivyozoea. Mgongo ulikuwa mkavu, tena wa moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nilimwona akiuondoa mkono wake haraka.

Wanaume walimbeba hadi mferejini, wakamlaza ndani ya maji. Nakiete alikuja mbio, ingawa hakutakiwa kutoka nje kabla ya arobaini, akaingia majini akampakata kichwa. Baba alisimama pale akirudia jambo moja, “Kwa nini hakusema? Kwa nini hakusema?”

Nakiete hakupandisha sauti. “Alisema, baba. Alikwambia mbele ya watu wote. Ninyi mlikuwa mnamtazama mgongo.”

Kiondo alifariki kabla ya jua kuzama.

Baada ya mazishi wazee walimpelekea Nakiete ng’ombe wa kumfuta machozi. Akamrudisha. Alisema anataka zamu yake ya maji, ambayo mumewe aliifanyia kazi, na anataka Mzee Senkoro mwenyewe awaambie watu ni kitu gani kilichomuua Kiondo. Zamu alipewa siku hiyo hiyo. Hilo la pili lilimchukua baba wiki nzima.

Watu waliporudi kuchimba, baba alisimama ukingoni mwa ndiva. Alikuwa msemaji mzuri, nasi tulitegemea hotuba. Badala yake akaanza kupita, si nyuma ya watu bali mbele yao, akimwuliza kila mmoja hali yake na kungoja ajibiwe. Alipofika mahali palipobaki wazi, kipande cha Kiondo, alisimama sana. Ndipo alipopata maneno manne, na hakuna aliyemwuliza maana yake.

“Asiyetoka jasho ndiye aunguaye.”