Lango la Darisururi Lililokuwa Likiguna

Walioipokea habari hii waliieleza hivi, na aliyeongeza neno ameliongeza kwa dhamana yake, kwamba katika mji wa Darisururi, ulio ukingoni mwa jangwa la chumvi, alitawala Sultani Mansabu bin Labidi, mtu mkarimu na mwenye haya, na tangu alipomzika mkewe hakubakiwa na furaha ila moja, nayo ni kupokea wageni. Na alikuwa amemfunga kwa pete ya shaba jini mmoja wa manjano aitwaye Kurkumani, akamwamuru ajenge mjini kila lililo la ajabu, ili mgeni akiingia hapo apumzike roho yake.

Jini akainama akasema, "Ewe mtukufu, nitajenga. Lakini kazi hii ina mwisho, au haina?"

Na Sultani, kwa ukarimu wake usiopimwa, akaapa mbele ya mawaziri: "Wallahi, mimi na wewe hatutalala mpaka mgeni mmoja atoke katika mji huu akiwa amepumzika kwelikweli!"

Kiapo cha mbele ya jini hakirudi mdomoni. Tangu siku ile Sultani hakufumba jicho wala jini hakufumba, na kwa kuwa hawakulala, walijenga. Wakajenga Mnara wa Vioo, ambao aliyefika juu yake aliona nchi tatu, na chemchemi ya shaba iliyoimba kwa sauti saba, na bustani ya tausi waliotunga mashairi, na daraja lililopita hewani bila nguzo. Na kila mgeni alipotoka akiwa hoi kuliko alivyoingia, Sultani alidhani maajabu hayajatosha, akaamuru lingine.

Na ili ukweli ujulikane, jini alilitia sikio lake ndani ya mbao za Lango la Kutokea, na hapo bawabu alimsimamisha kila msafiri akamwuliza, "Habari za mapumziko?" Nawe unawajua watu wetu. Mtu anaweza kuwa ameunguliwa nyumba na mguu wake umeteguka, ukimwuliza habari atajibu "nzuri" kwanza, na hayo mengine yatafuata baadaye, kama baadaye ipo. Wasafiri wakajibu, "Nzuri, alhamdulillahi," na lango, lisilokubali uongo hata ule wa adabu, likaguna kama ngamia anayepakiwa mzigo. Likawa linaguna asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi, na Sultani akilisikia kutoka dirishani, macho yake mekundu kama makaa.

Basi ukaingia mjini msafara wa wachuuzi wa ubani, ili ngamia wapumzike kabla ya kuvuka jangwa, na ndani yake alikuwamo msichana aitwaye Thureya binti Ghalibu pamoja na shangazi yake aliyemlea, Bi Zamzamu. Huyu Bi Zamzamu alikuwa amemuuguza kaka yake, baba wa Thureya, katika nchi ya ugeni, akamgeuza na kumwosha na kumlisha kwa mkono wake mpaka akamzika, na matanga hayajapoa akapanda ngamia ili amrudishe binti wa ndugu yake kwao. Uso wake ulikuwa umepauka kama jivu la juzi.

Kiongozi wa msafara, Bwana Hilali, akamwita Thureya pembeni. "Binti yangu, tunaondoka mtondo asubuhi. Kesho na keshokutwa ni zenu. Shangazi yako asipopata nguvu ya kupanda ngamia mwenyewe, sitamchukua. Nimekwisha kuzika watu katika jangwa hili, na sitaki tena."

"Basi tutabaki mjini mpaka apone."

"Sheria ya mji huu ni kwamba mgeni hutoka na msafara aliokuja nao, ili mwingine apate kitanda. Akishindwa kupanda, atabaki nje ya lango. Na nje ya lango, binti yangu, kuna chumvi tu."

Thureya alikuwa amesomeshwa na baba yake mpaka akawa hawezi kuvaa kiatu bila kukihakiki kwanza. Akajiambia kwamba mapumziko haya ni mafupi, na kwa hiyo yasipotee hata kidogo, yapangwe vizuri, na yapangwe kwa ushauri wa wanaojua. Akaenda ukumbini mwa nyumba ya wageni, akawakuta wasafiri wameketi duara, kila mmoja miguu yake imo ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, wakipeana nasaha za mji kwa sauti ya watu wanaogombania urithi.

"Mnara wa Vioo upandeni alfajiri," alisema Bwana Mahfudhi, muuza marashi, mtu mnene mwenye malengelenge visiginoni. "Jua likishapanda mtakaangika mle kama samaki."

"Alfajiri ya wapi, na watu wanapanga mstari tangu usiku!" alidakia Bi Nasra, mjane tajiri aliyekuwa amekuja Darisururi mara ya nne. "Mwanangu, usimsikilize huyu. Anza na chemchemi, usimame kushoto, ukisimama kulia utaloa. Kisha halua ya Soko la Juu. Lakini usinunue duka la mbele, ile ni ya wageni."

"Kwani sisi ni nani?" akauliza Thureya.

"Sisi ni wageni tunaojua."

"Viatu vya zamani!" akapiga kelele kasuku mkongwe wa kijivu juu ya boriti. "Vaeni viatu vya zamani!" Kwani kasuku yule alikuwa ameishi pale kabla ya mnara na kabla ya chemchemi, na kila nasaha iliyowahi kutolewa ukumbini ilikuwa imebaki kooni mwake.

"Hilo ndilo neno pekee la maana lililosemwa leo," akasema Bwana Mahfudhi, akiutazama mguu wake kwa huzuni.

Kesho yake Thureya akamwamsha shangazi yake kabla ya jogoo. Wakaenda chemchemini wakasimama kushoto, na umati ukawasukuma kulia, wakaloa. Wakaenda bustanini, na tausi akawasomea shairi refu mno la kuwasifu wazazi wake mwenyewe. Wakala halua wima, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Na kila mara Thureya alimwuliza, "Shangazi, habari?" na kila mara Bi Zamzamu alijibu, "Nzuri, mwanangu, twende." Wakafika Mnara wa Vioo jua likiwa kali, na katikati ya ngazi Bi Zamzamu akashika ukuta kwa viganja viwili, akasema, "Nzuri tu," kisha akaanguka. Wachukuzi wawili wakamteremsha mgongoni kama gunia, na wageni waliokuwa nyuma yao wakanung'unika kwamba wanacheleweshwa.

Jioni Thureya alisimama katikati ya mabeseni, macho yamevimba.

"Mkodishie machela," alishauri Bi Nasra. "Kesho daraja la hewani linawashwa taa zote. Utaondokaje bila kuliona? Ukifika kwenu utasema nini?"

"Bi Nasra," alisema Thureya, "wewe umekuja mara nne. Ulipumzika wapi?"

"Nilipumzika wapi?" Bi Nasra aliutoa mguu majini, akautazama, akaurudisha. "Mimi hupumzika nikifika nyumbani."

"Na wewe, Bwana Mahfudhi?"

"Nikifa, inshallah."

Maji ya mabeseni yalikuwa yamepoa na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuinuka kuyabadilisha. Ndipo kasuku akainamisha kichwa, akasema kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mwanamke mzee, taratibu: "Uani kuna kivuli. Kaeni."

Mwenye nyumba akasimama, birika mkononi. "Hiyo ni sauti ya bibi yangu," alisema. "Alikufa kabla maajabu hayajaanza. Wageni wake wote alikuwa akiwaambia hivyo."

Siku iliyofuata Thureya akamtandikia shangazi yake mkeka juu ya baraza ya mawe kando ya kisima, mahali nguo za nyumba zilipoanikwa, akaketi ubavuni pake. Na msidhani kwamba ilikuwa kazi nyepesi. Ngoma ya daraja ilipolia moyo wake uliruka, na miguu ikataka kwenda, na kichwa kikamhesabia yote atakayokuwa hakuyaona. Bwana Mahfudhi alichungulia mlangoni akamcheka: "Ama kweli! Umevuka milima uje Darisururi kutazama shuka zikikauka?" Shuka zikakauka. Bi Zamzamu akalala usingizi mzito mdomo wazi, akaamka, akanywa uji, akalala tena.

Alasiri akaingia uani mzee mmoja aliyevaa kanzu chakavu, macho mekundu, fimbo mkononi. Naye alikuwa Sultani Mansabu mwenyewe, aliyekuwa akizunguka mji kwa siri ili ajue kwa nini wageni hawapumziki.

"Mbona hamjaenda darajani?" aliuliza. "Watu wote wako kule. Au halikuwapendeza?"

"Linapendeza, baba," alijibu Bi Zamzamu bila kufumbua macho. "Kila kitu hapa kinapendeza. Lakini hakuna pa kukaa. Aliyejenga hivi vyote, Mungu amlipe kheri, nadhani hajawahi kuchoka."

Mzee akaiegemea fimbo yake. "Amechoka," alisema.

"Basi mwambie akae." Na Bi Zamzamu akajisogeza, akamwachia nusu ya mkeka.

Sultani akakaa. Ndoo iligonga ukingo wa kisima, njiwa wakashuka wakanywa maji yaliyomwagika. Baada ya muda akasema kwa sauti ya chini, kama mtoto anayekiri kosa, "Silali."

"Nani kakwambia ulale? Nimekwambia ukae."

Akakaa mpaka adhana ya magharibi, kisha akaaga akaenda zake, na njia nzima alikuwa akigeuka nyuma.

Asubuhi ya safari misafara ikapangana mbele ya Lango la Kutokea, na Sultani akateremka kwa joho lake la dhahabu kuwaaga wageni kama desturi, akasimama kando ya kigoda cha bawabu.

"Habari za mapumziko?" bawabu alimwuliza Bwana Mahfudhi.

"Nzuri, alhamdulillahi." Lango likaguna.

"Habari za mapumziko?"

"Nzuri sana, mwanangu, kama kawaida," alisema Bi Nasra, na lango likaguna mpaka misumari ikatikisika.

Ikafika zamu ya Thureya, naye alikuwa ameketi siku nzima akimlinda shangazi yake, na usiku kucha akisikiliza pumzi zake. Ulimi ukamtangulia: "Nzuri." Lango likaguna. Akainamisha uso kwa haya, na Bwana Hilali akatikisa kichwa, akamleta ngamia, akampigisha magoti mbele ya Bi Zamzamu, akangoja. Bi Zamzamu akafunga vizuri mtandio wake, akashika tandiko, akapanda mwenyewe, na ngamia akainuka naye.

"Habari za mapumziko, bibi?" aliuliza bawabu.

"Mbaya," alisema Bi Zamzamu.

Watu wakashika vinywa vyao kwa ukosefu ule wa adabu.

"Juzi zilikuwa mbaya. Niliona maajabu, nikakaribia kufa, na kila nilipoulizwa nilisema nzuri, na mtoto wa watu akaniamini. Jana nikakaa uani." Akafikiri kidogo, kwa kuwa alitaka aseme sawasawa. "Nimepumzika."

Lango halikuguna. Watu wakasubiri, wakasikia mpaka nzi. Kisha mbao zikapanuka, na jini Kurkumani akamiminika kutoka ndani yake kama vumbi la manjano, akasimama juu ya ukuta, akapiga mwayo uliopeperusha vilemba vya wachuuzi wote.

"Ewe bibi mheshimiwa," alisema, "umetufungua vifungo. Naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini, baba?"

"Ya kulala."

"Lala, mwanangu, lala."

Jini akajilaza nyuma ya ukuta, na wageni wa siku zile wakadhani ni kilima cha mchanga. Ila sikio lake lilibaki ndani ya mbao, kwa mazoea. Naye Sultani akashuka taratibu mpaka chini, akalala katikati ya lango, kilemba kimemwangukia usoni. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyethubutu kumruka Sultani, misafara yote ikangoja. Ngamia wakalala, wachuuzi wakakaa juu ya mizigo yao, na Bwana Mahfudhi, kwa kukosa la kufanya, akasinzia begani mwa Bi Nasra.

Alipoamka, Sultani alifuta macho, nayo yalikuwa meupe, akasimama mbele ya ngamia wa Bi Zamzamu akasema mbele ya watu wote, "Ewe binti wa watu wema, nina mji na nina hazina na nina maajabu yasiyo na idadi, na sina nilichokikosa ila kimoja. Nimekuja kuomba nusu ya mkeka wako, kwa ndoa na mashahidi."

Bi Zamzamu akamtazama, akaona ni yule mzee wa uani. "Nafasi ipo," alisema.

Wakaoana, na sheria ya misafara ikafutwa, na Sultani akamwambia Thureya achague mali aitakayo. Thureya akaomba dhahabu ya kumtosha maisha yake, kwa kuwa hakuwa mjinga, na juu yake akaomba baraza za mawe zenye kivuli katika kila mtaa, akazikagua moja moja kama zinakalika. Naye akafanywa mwenye kuwapokea wageni wa mji, na aliyemwuliza aanzie wapi alionyeshwa pa kukaa kwanza. Kwani mgeni hupewa kiti kabla ya kupewa cha kutazama, na anayekuuliza habari kwa kutaka kujua ana haki ya kuambiwa.

Lakini tabia ni ngozi. Inasemekana kila jioni Thureya alipopita langoni akirudi kazini, miguu inamwuma na kichwa kimejaa mambo ya kesho, bawabu alimwuliza, "Habari za leo, binti?" naye akajibu, "Nzuri." Na lango likaguna kidogo tu, kama mtu anayejigeuza usingizini. Thureya akasimama, akavua viatu vyake vya zamani, akaenda uani akakaa.