Mji Usio na Fisi

"Hodi, wenye masikio!"

"Ingia, mwenye mdomo!"

"Nina ngano, ila ina uongo kidogo."

"Kidogo hakitoshi, ongeza!"

Haya, naongeza. Palikuwa na mji uitwao Mifupani, na mkuu wake alikuwa Fisi. Fisi akala wenyeji, akala, akala, mpaka wakabaki Kobe asiyetafunika, Nungunungu asiyemezeka, na Pimbi, ambaye ni mdogo hata meno yanaona haya. Tumbo la Fisi likalia: kwururu!

"Pimbi we!"

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Mji wa Tembo unaitwa Kivuli cha Bure, wageni wanamiminika. Mji wa Kiboko unaitwa Raha ya Tope, wageni wanamiminika. Sisi je? Mimi nimefikiria jina 'Njoo Ukiwa Umenona'."

"Tamu, mkuu. Ila linadondosha mate."

"Basi tafuta lako. Wageni wasipokuja, nakutafuna wewe, mkeo na watoto. Ni wadogo, lakini mkichangwa mnatosha."

Pimbi aliwapenda watoto wake wote, hata yule mpiga kelele. Akauliza, "Mkuu, wageni wanaogopa nini hapa?"

"Mimi!" Fisi akajivuna.

Pimbi akaandika kibao njia panda, na kingine langoni: MIFUPANI, MJI USIO NA FISI.

Msicheke, ninyi mnaoishi Mji wa Chemchemi na maji mnanunua kwa ndoo.

Fisi alicheka mpaka akaanguka. "Wajinga watakuja!"

"Watakuja, mkuu. Ila wewe subiri nyuma ya kilima mpaka wajae. Ukila mmoja mapema, wengine watakimbia."

Wakaja mbuzi, kwato-kwato-kwato. Kwururu!

"Pimbi we! Wamejaa?"

"Bado, mkuu!"

Wakaja kondoo, mee-mee-mee. Kwururuu!

"Pimbi we! Wamejaa?"

"Bado, mkuu! Wamewaita shemeji zao!"

Wakaja nyati, gudu-gudu-gudu. Kwururuuu!

"Pimbi we! Wamejaa?"

"Sasa wamejaa, mkuu! Njoo!"

Fisi mbio mpaka langoni. Nyati wawili wakamzuia.

"Wewe nani?"

"Mkuu wa mji!"

"Jina?"

"Fisi!"

"Soma kibao."

Fisi akasoma polepole. "Lakini kibao nimekikubali mimi mwenyewe!"

"Basi unakijua vizuri." Puu! Pembe ikamrusha kwenye miiba.

"Pimbi we! Waambie!"

Pimbi akachungulia juu ya ua. "Mkuu, ukiingia tutakuwa tumewadanganya wageni. Sifa ya mji itakwenda wapi?"

Fisi akafikiri. Sifa ya mji aliipenda kweli. Akaenda kukaa njia panda, tumbo likilia. Kila wageni wanapopita mbali wakipaza sauti, "Ndugu, ni kweli huko hakuna fisi?", naye hujibu kwa uchungu:

"Kweli kabisa. Niulizeni mimi."

Nami nimefika mwisho, ulimi unaomba likizo. Wenye kuondoka waondoke na funzo lao: watoto wangu, uongo haujengi mji.