Kitalu cha Nakijwa

"Mpango wa kichwani hauna mrithi." Mkiwasikia watu wa milimani wakimtupia neno hilo mwenye duka, mashine au genge, msidhani wameliokota njiani. Mmeuliza lilikotoka. Methali hii ilianza hivi.

Kulikuwa na mama aitwaye Nakijwa, mwenye kitalu cha miche ya parachichi kando ya kijito. Katika kubebesha miche, yaani kuunga kikonyo cha mti mzuri juu ya mche mchanga, hakuwa na mpinzani: alijua kikonyo akikate mti gani, mwezi gani, na mche upi ni wa nani. Parachichi zake zilikuwa laini kama siagi. Mumewe, Eliapenda, alichota maji na kujaza udongo kwenye viriba, basi. Akiuliza zaidi, mkewe humjibu, "Baba watoto, wewe mwagilia. Mengine yamo humu," huku akijigonga paji la uso.

Homa ya siku tatu ikamchukua Nakijwa. Matanga yalipoanuliwa, wazee wakakaa kugawa urithi: shamba, mbuzi, vitenge. Kitalu wakampa Eliapenda.

Wiki haikuisha, mtendaji wa kijiji akamwita. Eneo la kijito ni la kijiji, akamwambia; anayelitaka alete mpango wa biashara ulioandikwa kabla ya Ijumaa, la sivyo atapewa mwingine.

Eliapenda alirudi akifoka. "Mke wangu ameoteshea pale miaka kumi na mmoja, hawakumpa hata kopo la mbolea! Leo kafa, wanataka karatasi!"

Na hapo alisema kweli. Wakubwa ni wepesi wa kudai karatasi, wazito wa kumwonyesha mtu inavyoandikwa.

Shemeji yake Namsifu, mdogo wa marehemu, alikuwa akimsikiliza.

"Shemeji, umemaliza kutukana?"

"Bado."

"Basi tukana huku unaandika. Kalamu hii hapa. Tunauza miche gani?"

"Ya parachichi."

"Hilo hata mbuzi wanalijua. Kikonyo kinatoka mti gani?"

Eliapenda akaandika neno parachichi, akaishia hapo.

"Kinakatwa mwezi gani? Nani kaahidiwa miche ya masika?"

"Namsifu, mimi nilikuwa nachota maji."

"Miaka kumi na mmoja?"

Eliapenda akaiweka kalamu chini. Ndipo alipotambua kwamba wazee walimrithisha viriba tu. Kitalu chenyewe walikwisha kukifukia kaburini.

Siku mbili walizunguka kwa wanunuzi wa marehemu, mmoja akikumbuka hiki, mwingine kile. Ule mti wa parachichi za siagi, alikokata vikonyo Nakijwa, hakuna aliyeujua, na mpaka leo haujulikani. Ikabidi wachague mwingine, wa parachichi za kawaida. Wakajaza kurasa tatu kwa mwandiko wa kupindapinda: watauza nini, kwa nani, wataotesha lini, mvua zikigoma wafanyeje, mmoja wao akikosekana nani ashike kazi. Mtendaji akagonga muhuri, pole ya msiba hakutoa. Lakini eneo likabaki lao.

Mwaka wa tatu Eliapenda alivunjika mguu, akalazwa miezi miwili. Kitandani aliwaza miche ikikauka. Aliporudi na mkongojo wake akakuta kitalu kitupu.

"Miche iko wapi?"

"Imekwenda kwa wenyewe," Namsifu akajibu. "Ukurasa wa pili, mwezi wa tatu. Mbegu mpya zimeshafukiwa pale nyuma."

"Bila mimi?"

"Kwani uliandikwa kuwa wewe ndiye mvua?"

Eliapenda akacheka, kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Akacheka hadi akalazimika kuketi chini. Jirani mwenye mashine ya kusaga, aliyekuja kumjulia hali, akastaajabu: kitalu kimesimamaje miezi miwili bila mwenyewe?

"Wewe mambo ya mashine yako umeyaandika wapi?" Eliapenda akamwuliza.

Jirani akagusa paji lake la uso.

Eliapenda akatikisa kichwa polepole. "Mwenzangu, mpango wa kichwani hauna mrithi."