Sala Haihamishi Sale

Sala haihamishi sale. Mmelisikia neno hilo leo asubuhi nje ya kanisa, Mama Anaeli alipomkatiza jirani yake aliyekuwa akisema, "Jambo hili tuliombee tu." Niliwaona mkicheka, kwa sababu maneno yenyewe yanachezesha ulimi, na sikuwalaumu. Lakini mliponifuata mpaka hapa jikoni kuniuliza lilitoka wapi, nikajua kuna kitu kimewagusa. Basi kaeni, na asiye na kazi achukue kisu anisaidie kumenya ndizi. Godlisten, jina lako lina sikio ndani yake, hebu leo litumie.

Neno hili lina wenyewe, na wenyewe ni watu wa nyumba yetu. Lilizaliwa hivi.

Sale mnalijua, lile jani refu la kijani linalosimama mipakani mwa vihamba vyetu, mashamba yetu ya migomba, hapa mlimani. Zamani, kabla ya watu wa vipimo na vigingi vyao vya zege, sale ndilo lililosema shamba la migomba la fulani linaishia hapa na la fulani linaanzia hapa. Mtu mzima na akili zake hakuligusa. Ila sale lina udhaifu mmoja: lina utii uliopita kiasi. Likate shina, lichomeke penginepo, nalo litaota bila kulalamika. Mvua zikipita mara mbili tatu utadhani lilizaliwa hapo.

Babu yangu mzaa baba alilijua hilo. Alipokuwa kijana, kabla hajabatizwa, alipakana na mtu aitwaye Kirenga. Kirenga akaenda Tanga kukata mkonge, akakaa miaka, na habari zikaja kwamba amekufa huko. Hakuwa na mke wala mtoto wa kulinda kihamba chake. Basi msimu mmoja wa mvua babu akayang'oa masale ya mpaka na kuyapanda ndani ya ardhi ya Kirenga. Yeye alichimba, na bibi yangu Aikaruwa, aliyekuwa bado bibi harusi, aliyashika mashina yasimame wima. Haya aliniambia bibi mwenyewe, kwa kinywa chake, akinitazama machoni.

Kisha Injili ikafika mtaani kwetu, na babu akaamini. Msidhani alikuwa mnafiki. Alilia siku ya ubatizo mpaka aliyembatiza akashindwa kuendelea. Akachagua jina la Ndekirwa, maana yake nimeokolewa, akaacha pombe, akaacha kumpiga mkewe, akawa mzee wa kanisa anayefundisha watoto. Hata habari ya yale masale aliiungama. Aliiungama kwa Mungu, yote, bila kuficha hata shina moja. Kwa Kirenga hakuiungama, maana Kirenga si alikuwa marehemu?

Lakini ile ardhi haikumpa raha. Kila akipita pale alihisi kama mtu aliyevaa shati la mwenzake. Ndipo alipopata wazo lililomfurahisha sana: akaitoa sadaka, pamoja na ukanda wa shamba lake mwenyewe uliopakana nayo. Alifikiri akimpa Mungu, ardhi itatakata yenyewe. Watu wakapiga vigelegele, wakaliita eneo lile kiwanja cha Ndekirwa, wakaanza kujenga kanisa la mawe badala ya kibanda cha nyasi walichokuwa wakisalia. Kina mama waliyabeba mawe kichwani kutoka mtoni, wengine wana mimba. Kuta zikapanda mpaka kwenye madirisha.

Ndipo marehemu akarudi. Kirenga alikuja akipanda kilima taratibu, amekonda, anakohoa, amebeba sanduku la bati. Watu walimkimbia, wakidhani ni mzimu! Aliposimama mbele ya zile kuta alizitazama kwa muda, kisha akasema, "Madhabahu yenu iko kwenye migomba ya baba yangu."

Walimcheka. Nani amsikilize Kirenga? Aliondoka akiwa kijana, amerudi mzee, hasali, anakunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na kuwamiminia mababu zake. Lakini hakunyamaza, akaenda kwa wazee wa mtaa, nao wakapanga siku ya kusikiliza shauri palepale kwenye kuta.

Tangu siku hiyo babu yangu aliacha kula. Aliomba asubuhi, akaomba mchana, watu wakasema, tazameni mzee wetu anavyopigania nyumba ya Bwana. Mwinjilisti Safieli, aliyekuwa akilichunga kundi lile, akaja kumtia moyo.

"Mzee Ndekirwa, usiogope. Hana shahidi hata mmoja."

"Na kama anasema kweli, Mwinjilisti?"

Safieli hakuwa mjinga. Alimtazama babu, akaelewa, na uso wake ukabadilika. Alikuwa mtu mwema, lakini aliwaza wale kina mama na mawe yao. Akasema kwa sauti ya chini, "Wewe kaa kimya tu. Kimya si uongo. Tuombe, Mungu atafungua njia."

Hayo yalimfariji babu kwa nusu siku. Alasiri bibi Aikaruwa akawa anarudi na mzigo wa majani ya ng'ombe, akamkuta mumewe amepiga magoti katikati ya migomba.

"Baba Eliawony, unaomba nini?"

"Namwomba Mungu alimalize jambo hili."

"Alimalize vipi?"

"Yeye anajua."

Bibi akautupa mzigo chini. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini akikasirika hata ng'ombe walisimama. Akasema, "Sala haihamishi sale. Sisi ndio tuliolihamisha, wewe ukichimba na mimi nikishika. Hakuna malaika aliyetusaidia siku ile, na hatakuja malaika kulirudisha."

"Mungu alitusamehe, Mama Eliawony. Unajua kwamba alitusamehe."

"Alitusamehe. Na Kirenga je? Nani alimwuliza Kirenga?"

Ndipo babu akasema kile kilichokuwa kikimla moyo: "Kanisa litabomolewa. Watoto niliowafundisha wataniona mwizi."

"Watakuona. Lakini umejiita umeokolewa. Umeokolewa na nini, kama ukweli bado unakutisha hivi?"

Bibi aliniambia kwamba alipoyasema hayo alikuwa akijisema na yeye mwenyewe, kwa sababu aibu ile ilikuwa yao wawili. Kisha akajitwisha majani yake, maana ng'ombe hangojei watu watubu. Babu alibaki pale, na safari hii hakuomba. Alikaa tu.

Siku ya shauri ilifika. Mtaa mzima ulijaa kiwanjani, waliobatizwa upande huu, wasiobatizwa upande ule, na wazee wakakaa kwenye mawe ya ujenzi. Mkubwa wao akamwambia Kirenga alete shahidi wake.

"Sina," akasema Kirenga. "Walioujua mpaka wa baba yangu wamelala udongoni. Amebaki mmoja, naye namwita. Namwita Ndekirwa."

Watu wakaangua kicheko. Mkubwa wa wazee akasema, "Kirenga, jua limekuchoma huko Tanga? Unamwita mshitakiwa wako awe shahidi wako?"

"Ndiye ninayemtaka. Tangu nirudi nalala kwa mpwa wangu, hapo karibu na kibanda chenu cha sala. Jumapili namsikia huyu akiwafundisha watoto kwamba mtu wa Mungu akisema ndiyo, ni ndiyo. Mimi sijui kusoma na Mungu wao simjui. Lakini kama huyo Mungu yupo, leo atakuwa mdomoni mwa Ndekirwa. Akisema ardhi ni yake, nachukua sanduku langu naondoka."

Mzee mmoja akainuka kumletea babu kiapo cha kimila. Kirenga akamzuia kwa mkono. "Msimwapishe. Nataka neno lake tupu."

Wanangu, kicheko kilikatika kama kimekatwa kwa panga. Wakristo wote pale walielewa kilichotokea. Mtu asiyesali alikuwa amelichukua shauri lake lote akaliweka juu ya imani yao, imani ambayo wao wenyewe hawakuwa wamewahi kuiwekea uzito kiasi hicho. Bibi alimtazama Mwinjilisti Safieli, naye alikuwa ameinamisha kichwa.

Babu akasimama. Aliyapa mgongo masale yaliyosimama nyuma ya ukuta wa madhabahu, akazunguka, akaingia kanisani kupitia pengo la mlango. Akatembea mahali ambapo pangekuwa na mabenchi, akafika mahali pa madhabahu. Watu wakadhani atasimama hapo, maana Kirenga alidai hapo tu. Hakusimama. Akageuka, akarudi nyuma huku akitazama chini kama mtu anayetafuta sindano, mpaka katikati kabisa ya kanisa. Hapo akachomeka fimbo yake.

"Hapa," akasema. "Sale lilikuwa hapa. Kirenga, wewe ulikuwa kijana ulipoondoka, umesahau. Umedai kidogo. Nilichukua zaidi ya ulichodai. Nililihamisha mimi."

"Tulilihamisha sisi," bibi akasema kutoka upande wa wanawake, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani.

Hata watoto wa mgongoni walinyamaza, ndivyo bibi alivyosimulia, na mimi namwamini. Ungedhani kuna mtu mwingine ameingia katika zile kuta zisizo na paa, mtu ambaye humwoni lakini huwezi kumgeuzia mgongo. Wazee wa mtaa, watu wasiosali, walivua kofia zao mmoja baada ya mwingine, na hawakujua ni kwa ajili ya nani.

Babu akavunja jani la sale, akalifunga fundo, akamwendea jirani yake akiwa amelishika kwa mikono miwili. Kwa desturi yetu anayekujia na jani hilo anaomba msamaha, na kumkatalia ni mwiko. Kirenga alilipokea.

"Nimekusamehe, Ndekirwa. Lakini ardhi yangu naitaka. Sina pengine pa kupanda mgomba."

Najua mlikuwa mkingoja niseme kwamba Kirenga alilizawadia kanisa kiwanja kile. Watu wengi hupenda hadithi iishe hivyo. Haikuisha hivyo, na angekuwa mtu wa ajabu kufanya hivyo, mzee mgonjwa asiye na kitu. Ardhi ilikuwa yake.

Watu wakamtazama Mwinjilisti. Safieli alikuwa akilia. Akavua koti lake, akalitundika kwenye dirisha, akashika jiwe la juu kabisa la ukuta, akalishusha chini. Mama mmoja aliyelibeba jiwe lile kutoka mtoni akaja akalipokea. Kisha akaja mwingine, na mwingine. Walibomoa kanisa lao kwa mikono yao, hakuna aliyenung'unika, na wale wasiobatizwa walisimama wakitazama mpaka wakashindwa kutazama tu, wakaingia kusaidia.

Walijenga upya kwenye sehemu iliyobaki, ule ukanda uliokuwa wa babu kweli. Ndiyo maana kanisa letu ni jembamba vile, na ninyi wanakwaya mnalalamika kila Jumapili kwamba mnakanyagana. Kanyaganeni kwa heshima. Hakuna jiwe hata moja pale lililokaa juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Babu aliomba mwenyewe avuliwe uzee wa kanisa, akavuliwa. Wapo waliomzomea, na kwa muda mrefu watoto aliowafundisha walimpita bila kumwamkia. Ukweli una gharama yake, wala msidanganywe na wanaosema hauna. Lakini usiku alilala, bibi alisema, akakoroma mpaka yeye ndiye aliyekosa usingizi. Na watu wasiobatizwa wakawa na tabia mpya: wakigombana juu ya mbuzi au mpaka, walisema, tafuteni shahidi kutoka kwenye lile kanisa jembamba. Wakristo walipolisikia hilo hawakujivuna. Waliogopa, maana sasa walijua Mungu wao anatazamwa kupitia midomo yao.

Kirenga hakubatizwa. Alipanda migomba mahali ilipotakiwa kuwa madhabahu, akalima kila siku, na Jumapili vilevile, jembe lake likigonga mawe wakati wa ibada, akikohoa na kuimba nyimbo zake za mkonge bila kumjali mtu.

Jumapili ya kwanza katika kanisa jipya, Safieli alimwomba babu aongoze sala. Babu alikuwa kwenye benchi la mwisho. Alisita sana, kisha akasimama, akasema maneno machache tu: "Baba, tumerudisha. Sasa tunaweza kuzungumza na wewe." Akaketi.

Watu walibaki wamefumba macho, na katika ule ukimya wakagundua kwamba hawasikii jembe. Bibi alifumbua jicho moja, akachungulia dirishani. Kirenga alikuwa amesimama katikati ya migomba yake, kofia mkononi, ameinamisha kichwa, akingoja mpaka wamalize.

Basi ndivyo lilivyozaliwa, na mkilisikia tena msicheke. Sala haihamishi sale.