Ufunguo wa Chumba cha Uani

Sogeeni karibu. Mwenye mtoto ampakate, mwenye mchele wa kuchambua aendelee kuchambua, ila masikio aniachie mimi.

Walikuwapo wanawake watatu mjini Tabora, wote wakifanya kazi katika mgahawa mmoja, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Mwajabu alikuwa na jicho. Ukimpa kikombe cha chai, hakinywi kwanza. Atakizungusha, atakisogeza dirishani, mpaka mvuke ushike jua na wewe uliyeshiba utamani kunywa tena.

Kalunde alikuwa na mdomo. Si mdomo wa ugomvi, ni mdomo wa utani. Yeye ni Mnyamwezi, na Wazaramo ni watani zake, basi Mzaramo akipita mbele ya mgahawa haachwi salama, naye haendi zake bila kujibu.

Tunu alikuwa na mikono. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, aliyaunga kwa karanga mpaka mtu anafuta sahani kwa kidole na kuangalia kama kuna anayemwona. Maneno alikuwa nayo machache.

Mgahawa ulikuwa wa Bi Kidawa, mjane. Zamani ulitazamana na stendi ya mabasi. Stendi ikahamishiwa mbali, na wateja wakahama nayo. Benchi zikabaki tupu. Chakula kilichopikwa kikaliwa na wapishi na kuku wa jirani.

"Wanangu," Bi Kidawa akawaambia, "mwezi huu ukiisha hivi, nafunga mlango. Sina namna."

Kila mmoja alijua mlango ule ukifungwa yeye anarudi wapi.

Mwajabu alikuwa akilala sebuleni kwa wifi yake, na mtoto wa miezi minane. Wageni wakikaa mpaka usiku wa manane, naye anakaa. Mtoto akilia, wifi anaongeza sauti ya redio. Kalunde alikuwa amemkimbia mumewe wa Nzega, mwenye pikipiki na mkono mwepesi wa kupiga, akijibanza leo kwa huyu, kesho kwa yule. Tunu alikuwa akikaa nje kabisa ya mji. Anatoka watoto wamelala, anarudi watoto wamelala. Yule wa mwisho alishaanza kumwita jirani mama.

Mwajabu ndiye aliyesema, "Turekodi video. Fupi tu, za kurusha mtandaoni. Watu waione nsansa."

Akarekodi sahani imekaa mezani, nzuri lakini kimya. Ikatazamwa na binamu yake wa Urambo, basi. Kesho yake akarekodiwa Kalunde akitania bila chakula. Watu wakacheka huko huko kwao, wakala huko huko kwao. Siku ya tatu wakasema tuweke vyote pamoja: mikono ya Tunu, jicho la Mwajabu, mdomo wa Kalunde.

Mwajabu alitaka mvuke. Tunu akafunua sufuria, mvuke ukaenda upande. Akafunika, akafunua tena. Mara saba. Mara ya saba mvuke ukapanda wima kama ulivyotakiwa, lakini ulipita juu ya mkono wake na ngozi ikababuka kutoka kidole gumba mpaka kiwikoni. Hakuondoa mkono.

"Umepata?" akauliza.

"Nimepata," akasema Mwajabu.

Ili apate, naye alikuwa ameisogeza simu mdomoni mwa sufuria. Simu hiyo aliinunua kwa kuuza cherehani ya marehemu mama yake, na ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo. Maji ya mvuke yakaingia. Kioo kikaanza kuchezacheza. Akajua akiizima na kuianika huenda ikapona. Akaiacha iwake mpaka walipomaliza yote na video ikaenda, ndipo ikafa mkononi mwake.

"Imeshaenda?" akauliza Kalunde.

"Imeshaenda."

Na Kalunde je? Uso wake haukuonekana, alisimama nyuma ya mlango. Lakini sauti ile nani asiyeijua Nzega nzima? Kabla ya kurekodi, Tunu alimshika bega. "Na yeye akikusikia?"

"Atanisikia," akasema Kalunde. Akakohoa kidogo, akaanza.

"Ewe Mzaramo! Weka ngoma chini, unawe mikono! Nsansa imeiva, na leo Mnyamwezi anatoa mwenyewe, kesho ataficha sufuria!" Mikono ya Tunu ikageuza mwiko, mvuke ukapanda. "Bi Kidawa, na sisi tukikujazia benchi hizi, mwenye kuzijaza utampa nini?"

Bi Kidawa alikuwa amekaa pembeni akichambua mchele. Kwa wiki nyingi hakuwa amecheka. Sasa akacheka mpaka ungo ukatikisika. "Mmoja atakayezijaza nampa chumba cha uani, akae bure mpaka azeeke! Ufunguo huu hapa!" Akaushika juu.

Alidhani simu inapiga picha ya sufuria tu. Hakujua kwamba inasikia mpaka pembeni.

Basi watu wakaja. Mtani akitaniwa hawezi kunyamaza, ni lazima aje ajibu, na akija ana ruhusa ya kuchota chakula cha mtaniwe. Alitangulia Mzee Pazi, fundi cherehani, Mzaramo. "Yuko wapi huyo anayesema mimi ni wa ngoma? Nimekuja kula chake!" Wakafuata wengine, na waliokula nsansa ya Tunu wakarudi kesho na ndugu zao. Kabla mwezi haujaisha, watu walikula wamesimama. Mlango haukufungwa tena.

Lakini kila aliyekuja alikuwa na swali moja. "Bi Kidawa, chumba kapata nani?" Na akijifanya hasikii, mtu anafungua simu, na yeye anajisikia mwenyewe akicheka: mmoja atakayezijaza.

"Nipe mimi," akasema Mzee Pazi. "Benchi imejazwa na makalio haya."

Watu wakacheka. Bi Kidawa hakucheka.

Alikwenda akakitazama chumba. Kina kitanda kimoja na kabati la marehemu mumewe. Alijaribu kuweka kitanda cha pili, mlango ukagoma kufunguka. Chumba kingine hana. Akafikiri kuwapa zamu. Lakini mwezi wa zamu ukiisha, Mwajabu arudi sebuleni? Kalunde arudi barabarani?

Mwajabu alimfuata kisimani, akiwa na mtoto mgongoni. "Bi mkubwa, mpe Tunu. Mkono ule uliungua kwa ajili yangu mimi niliyeutaka mvuke."

Siku ya pili Tunu akamfuata jikoni. Alisema maneno manne tu. "Simu ya Mwajabu imekufa." Akarudi kwenye sufuria yake.

Kalunde hakuja kusema lolote. Lakini Bi Kidawa alimwona kila saa ya mapumziko akipaka asali kwenye mkono wa Tunu, taratibu, akiupuliza. Na pikipiki ikisimama nje, aliuona ule mkono wa asali ukimvuta Kalunde nyuma ya magunia ya mkaa, na Mwajabu akisogea mlangoni na mtoto wake, akisimama pale kama ukuta.

Jumatano, yule mume wa Nzega akaingia, akaagiza chai. Akauliza, "Ile sauti ya kwenye video ni ya nani?"

"Ya kununua," akasema Mwajabu. "Tulilipia."

Mtu yule akanywa chai pole pole. Akasema, "Nitarudi Ijumaa."

Ijumaa imefika, na ndiyo siku Bi Kidawa aliyowaahidi watu jibu. Benchi zimejaa, na waliokosa nafasi wamesimama hadi barabarani. Mzee Pazi ameinua simu yake. "Sema, Bi Kidawa. Tunarekodi."

Watatu wamesimama kwenye mlango wa jiko. Mkono wa Tunu una kitambaa. Mtoto wa Mwajabu amelala begani, mdomo wazi. Kalunde, yule wa mdomo, macho yake yako barabarani.

Bi Kidawa anafungua fundo la kanga yake. Ufunguo ni mmoja. Akimpa mwenye jicho, mikono na mdomo vilifanya nini? Akimpa mwenye mikono, nani angeiona? Akimpa mwenye mdomo kwa sababu ya hatari yake, je, ile simu na ile ngozi vilikuwa vya bure? Na akiurudisha ufunguo kwenye fundo, huyu aliyefunguliwa mlango na watatu amewafungia wote.

Nje, pikipiki imezimwa.

Haya, ninyi mliokaa hapa, na wewe unayejifanya unachambua mchele. Ufunguo uko mkononi mwako sasa. Unampa nani?