Daftari la Nasoro

Kaeni vizuri, wenzangu, maana mkishasikia kisa hiki mtadaiwa jibu.

Tabora aliishi Nasoro, mchanaji wa rap wa miaka ile ya kanda. Ujana wake aliumalizia majukwaani. Mkewe alipofariki, yeye alikuwa mkoa mwingine akitumbuiza, na binti yao, Nyamizi, akamzika mama peke yake. Binti akahamia Mpanda, akawa fundi cherehani, na kwa miaka kumi na moja hakupokea simu ya baba yake.

Kisha kiharusi kikampata Nasoro. Mkono wa kulia ukalala, na kinywani ikabaki sauti moja tu: "Aah."

Watu watatu ndio waliokuwa wakimtembelea. Mwalimu Mwajabu, mstaafu aliyeishi peke yake nyumba ya jirani, alikuwa na kipaji cha subira. Festo, fundi redio aliyefiwa na mke, alikuwa na sikio lisilopitwa na kitu. Na Yasinta, msusi mgeni mjini, alikuwa na pumzi. Aliweza kuchana mistari kumi na sita bila kuyumba.

Mwajabu ndiye aliyegundua kwamba Nasoro anataka kumtungia binti yake wimbo. Akawa anamtajia herufi moja moja, naye anagonga meza kwa mkono wa kushoto akifika kwenye anayoitaka. Mstari mmoja ulimaliza asubuhi nzima. Siku moja mwalimu alichoka, akasema, "Kaka Nasoro, hapa tuandike 'nisamehe' tu. Mtoto ataelewa."

Nasoro alipiga meza kwa hasira. Kesho yake vilevile. Ndipo Mwajabu akasoma tena mstari wa juu na kuona kwamba 'nisamehe' haliendani na kina chake. Hata msamaha, mtu yule hakutaka kuuomba kwa neno lisilokaa mahali pake. Wakaanza upya, na baada ya miezi miwili mistari ikakamilika. Miwili kati yake ilikuwa hii:

*Nilishika kipaza sauti, mkono wako nikauachia,*
*ukumbi ulinishangilia, wewe kaburini ukilia.*

Festo alileta midundo. Alileta ya ngoma nzito, akaleta ya gitaa, na kila mmoja Nasoro aliukataa kwa kichwa. Wiki tatu zikapita. Alasiri moja, akiwa ameshakata tamaa na anakunja nyaya zake, Festo alisikia ule mkono wa herufi ukigonga meza bila herufi: mara mbili haraka, kimya, mara moja kwa kuchelewa. Akarekodi mlio huo wa meza, akauwekea besi chini yake, akaishia hapo.

"Hii tu?" Yasinta aliuliza.

"Hii tu. Nikiongeza kitu, maneno yatakosa pa kukaa."

Yasinta alizoea kuchana kwa kasi. Alipojaribu mara ya kwanza, Nasoro aligeuza uso ukutani. Dada wa watu akaenda na kanda za zamani za mzee, akazisikiliza saluni kwake siku zisizo na wateja, na zilikuwa nyingi. Akagundua kitu: Nasoro alivuta pumzi katikati ya mstari, mahali ambapo wengine hawathubutu, kama mtu anayemeza kilio. Alijifunza pumzi hiyo mwezi mzima. Aliporudi na kuchana, Nasoro alifumba macho na machozi yakamtoka.

Festo akaurekodi wimbo, wakaupeleka redioni. Mtangazaji alipouliza ni wa nani, wote watatu walisema ni wa Nasoro.

Nyamizi aliusikia akiwa kwenye cherehani. Wiki hiyohiyo akapanda garimoshi. Alikaa na baba yake siku tisa, akimlisha uji na kumshika ule mkono uliolala. Siku ya kumi, asubuhi, Nasoro akafariki.

Baada ya mazishi, chini ya mto wa baba yake, Nyamizi alikuta daftari la mistari ya miaka ishirini ambayo haijawahi kusikika popote. Juu ya jalada, kwa herufi zilizopinda za mkono wa kushoto, alizozihangaikia siku zile tisa: KWA ALIYENILETEA MWANANGU.

Akawaita wote watatu.

"Ameandika 'aliye'," akasema. "Hakuandika 'walio'."

"Kwani wewe ulikuja kwa ajili ya nini, mwanangu?" Mwajabu aliuliza.

"Mdundo ulinifanya nisimamishe cherehani. Pumzi ilinifanya nidhani ni baba mwenyewe. Maneno yakanifanya nifungashe nguo. Kingekosekana kimoja, nisingekuja."

"Basi tugawane kurasa," Festo akasema.

"Daftari la baba silirarui, kaka Festo. Yeye ametaja mtu mmoja."

Yasinta akasema polepole, "Mimi nikitoka hapa leo, sina tena mtu wa kwenda kumjulia hali. Nikiwa na maneno yake, angalau."

Hakumalizia. Mwajabu aliinamisha kichwa, Festo akatazama mlangoni, kwa sababu lile lililomsibu Yasinta liliwasibu na wao. Hakuna aliyesema "mpe mwenzangu."

Kesho Nyamizi anarudi Mpanda. Daftari liko mapajani mwake, na watu watatu wamekaa mbele yake, kila mmoja na kiti chake, hawatazamani.

Haya, wenzangu: aliyetafuta maneno, aliyetafuta mdundo, au aliyetafuta pumzi? Ungekuwa wewe ndiye Nyamizi, daftari lile ungemkabidhi nani, na wale wawili ungewaambia nini?